Kisanduku Kilichosikia Baridi

Jirani yangu hapa Werugha, Mzee Silvanus, alikuwa karani wa chama cha maziwa mpaka akastaafu, na sijaona jambo lililomshinda ila kuomba radhi. Binti yake Wakesho alipochagua kuolewa Voi badala ya kanisa letu la mlimani, mzee aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga huko. Ni safari ya kuteremka tu, lakini kiapo ni kiapo. Mkewe, Wakio, alivaa kitenge kipya akaenda.

Mzee yeye alinunua kisanduku cha kuleta intaneti kwenye televisheni, kwa kuwa harusi ingerushwa moja kwa moja. Hakuwa anahudhuria, alisema, alikuwa anaangalia tu. Tofauti yake aliijua mwenyewe.

Taabu ikawa picha kukwama, kiduara kikizunguka katikati ya kioo. Akampigia simu Hillary, fundi wa Voi aliyemuuzia.

"Hiyo inaganda tu, mzee," Hillary akasema. "Iweke mahali wazi ipumue."

Mzee alisikia neno moja: inaganda. Sasa huku kwetu, ambako ukungu huondoka ukipenda, kitu kikiganda dawa yake inajulikana. Akakivika kisanduku sweta, na juu ya sweta akatandaza blanketi.

Siku ya harusi nilienda kuangalia naye. Niligusa lile blanketi nikarudisha mkono mbio.

"Mzee, hii mashine inachemka. Itoe nguo."

"Wewe jua ng'ombe wako. Hii imetoka Voi, haijazoea baridi yetu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikakaa nikanywa chai yake, nikicheka kimoyomoyo.

Kisha Wakesho akatokea, amependeza mno, ameshikana mkono na mama yake. Mzee akavua kofia. Kicheko changu kiliniisha, nikamhurumia. Mchungaji akauliza, "Ni nani anayemtoa bibi harusi huyu?"

Picha ikaganda.

Mzee akaruka kutoka kitini, mkono juu. "Ni mimi! Mimi babake!" Akarudia kwa sauti zaidi, na kiduara kikaendelea kuzunguka. Nililivuta lile blanketi kwa hasira nikalitupa sakafuni, lakini picha iliporudi watu walikuwa wanapiga vigelegele na pete zilikuwa vidoleni.

Alingoja mpaka watu walipotoka kanisani, akampigia mkewe. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia yote.

"Mama Wakesho, pale mchungaji alipouliza, nani alijibu?"

"Hakuna. Mimi nilitaka kujibu, mtoto akanishika mkono. Akamwambia mchungaji, 'Tungoje kidogo, pengine baba yuko njiani.'"

Mzee akainama, akaliokota blanketi sakafuni.

"Tukangoja, Baba Wakesho. Kanisa lote likageuka kuangalia mlango."