Nyasi za Mgeni Rasmi

Nyasi nilikata mimi. Nalisema hili mwanzo kabisa asije mtu akaniambia nimejificha. Kwetu huku Karagwe mgeni wa heshima hapokewi kwenye sakafu tupu, anatandikiwa nyasi kavu zinazonukia. Kwa hiyo mwalimu mkuu alipoita wazazi tuandae maonyesho ya sayansi, wenzangu walipangiwa kuleta ndizi, mimi nikapangiwa nyasi. Nilizianika siku tatu, nikazitandika mwenyewe darasani, kuanzia mlangoni mpaka chini ya meza za wanafunzi.

Binti yangu alikuwa kidato cha tatu. Alikuwa ametengeneza jiko la kopo la maziwa, linalotumia pombe kali ya ndizi badala ya mafuta ya taa. Mlangoni palibandikwa karatasi ya masharti. Mimi shule niliishia darasa la nne, nikamwomba anisomee. Moto usiwashwe ndani. Vitu vinavyoshika moto vikae mbali na meza. Ndoo za mchanga ziwe karibu. Milango yote iwe wazi.

"Na hizi nyasi?" nikamuuliza.

"Mama, nilimwambia mwalimu wa fizikia. Anasema mkuu anazitaka."

Asubuhi hiyo hiyo mwalimu mkuu alipita kukagua. Akaziona ndoo za mchanga. "Hizi zitoke. Mgeni atadhani bado tunajenga." Tukacheka, na mimi nikiwemo. Mlango wa nyuma akaupiga kufuli ili wageni wapite upande mmoja kwa mpangilio, ufunguo akatia mfukoni.

Mgeni rasmi alikuwa tajiri wa kahawa. Tulimwamkia shikamoo hata sisi tuliomzidi umri. Alipofika kwa binti yangu alisikiliza maelezo mpaka mwisho, kisha akakunja uso.

"Sasa mbona haliwaki?"

"Masharti hayaruhusu kuwasha ndani, mheshimiwa."

"Yaani nimetoka kote huko kuja kuangalia kopo?"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu wa fizikia, aliyeyaandika masharti kwa mkono wake, akatazama viatu vyake. Mwalimu mkuu akaomba kiberiti kwa mzazi mmoja, akampa mtoto. "Washa. Usituaibishe."

Akawasha. Jiko liliwaka vizuri, moto wa buluu hata moshi hauna. Mgeni akainama aone zaidi, koti lake likakumba kopo, pombe ikamwagika ikiwaka. Nyasi zangu zikaupokea ule moto na kuukimbiza sakafu nzima. Watu wote wakasongamana kwenye mlango mmoja. Mwenye ufunguo wa mlango wa pili alikuwa tayari yuko nje, anampangusa mgeni masizi.

Binti yangu alibaki amejibanza nyuma ya meza. Nilirudi nikamtoa. Yeye aliungua kiganja, mimi miguu yote miwili. Nililala hospitali ya Nyakahanga wiki nyingi, na mpaka leo nikitembea shambani ngozi inavuta kama nguo iliyonibana.

Hakufa mtu, basi wakaona yamekwisha. Niliporudi nyumbani nikaitwa ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa na barua tayari: moto umesababishwa na uzembe wa mwanafunzi. Nitie sahihi, ndipo binti arudi darasani.

"Mwalimu, kiberiti ulimpa wewe."

"Mama, tusirudi huko. Unataka asome au hutaki?"

"Nataka asome. Andika na kufuli, basi. Andika na mchanga."

"Nyasi nazo niandike?"

"Ziandike. Na jina langu weka."

Hakuandika. Mwalimu wa fizikia alikuwa amekaa hapo hapo, hakufungua mdomo. Nilimwangalia binti yangu dirishani, amesimama uani na mkono wenye bandeji, wenzake wako darasani. Nikatia dole gumba.

Amekwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne, hakuna tena wa kumfukuza. Kwa hiyo leo nasema: aliyewasha aliamriwa. Aliyeamuru ni mwalimu mkuu. Aliyechokoza ni mgeni rasmi. Aliyejua akanyamaza ni mwalimu wa fizikia. Aliyetandika ni mimi, na miguu yangu inalijua hilo.

Juzi shule imetuma mzazi mmoja kwangu. Wana maonyesho tena, wanaomba zile nyasi nzuri. Nimembebesha gunia la mchanga.