Hadithi ya Mapenzi Nyuma ya Makuti

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo nikisema nimesoma kitabu, elewa kwamba nilisoma kwa kidole. Mstari mmoja, halafu pumzi. Kitabu chenyewe kilikuwa cha mke wa mwanangu, alikinunua Garsen siku ya soko. Hadithi ya mapenzi ya hawa watu wa siku hizi wa simu: mjane mwenye duka la keki, na fundi anayemtengenezea friji. Friji inaharibika kila wiki. Hapa kijijini Hewani, kando ya mto, sisi friji hatuna, samaki tunakausha, lakini hata mimi nilijua ile friji haikuwa na ubovu wowote.

Nilianza mpunga ukipandwa. Ulipoiva, macho yangu yakaingia ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, nisubiri zamu yangu ya kupasuliwa. Haya, nisubiri. Lakini macho yaliniacha pabaya: fundi amepata kazi Nakuru, mama wa keki anampenda na hamwambii. Na mke wa mwanangu, msomaji pekee aliyebaki nyumbani, baada ya mavuno alikuwa anamfuata mumewe Madogo kwenye biashara yake ya mbuzi.

Utauliza, si umwombe akusomee? Hujui kwetu. Mke wa mwanao haketi kwenye mkeka uliokalia wewe. Akipita anainamisha kichwa. Atakusomeaje habari za watu kukumbatiana? Mimi mwenyewe ningekufa kwa aibu kabla yake.

Aliyeniokoa ni mke wangu, ambaye hajui kusoma na vitabu alikuwa anaviona kazi ya wavivu. Mchana mmoja nikamsikia jikoni: "Mwanangu, hebu nisomee hicho kitabu chako, huku nikipepeta mchele."

Jiko letu ni la makuti. Nikaburuta kigoda hadi nje, nyuma ya jiko, nikajitia kusuka kamba.

Mke wa mwanangu akawa anasoma kila mchana, sauti nzuri, haina haraka. Ila akifika penye mapenzi, inashuka inakuwa ya mbu.

"Paza sauti, masikio yangu yamekufa," mke wangu anasema. Uongo! Huyo anasikia nyani akigusa ndizi ng'ambo ya mto.

"Mama, Baba yuko hapo nje."

"Baba yako amelala."

"Amelala anasuka kamba?"

"Amezoea. Soma."

Siku ya mwisho kabla ya safari, fundi yuko kituo cha basi na begi lake. Mama wa keki amesimama mbele yake, anamuuliza kama Nakuru kuna baridi. Baridi! Nikasahau nilipo, nikapiga kelele: "Mwambie, wewe! Basi linaondoka!"

Jikoni ungo ukasimama. Nikajua nimeharibu. Atafunga kitabu, kesho yuko Madogo, nami nitakufa sijui kama walioana.

Halafu nikasikia kicheko. Kwanza cha mke wangu, kisha cha yule binti, amekizuia kimemshinda. Karatasi ikafunuliwa. Akasoma, safari hii kwa sauti ya kufika kwa jirani: mama wa keki akasema yote, fundi akaweka begi chini, wakakumbatiana mbele ya makondakta. Hakuruka neno. Akaenda hadi arusi, hadi keki yenyewe, aliyoipika bibi arusi kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine. Nililia. Mke wangu naye alilia, ila yeye alisema ni makapi.

Asubuhi, nitamshukuruje kwa jambo ambalo kwa heshima sikulisikia? Nikaenda shambani kwa kupapasa, nikakata mkungu wa ndizi mkubwa kuliko yote, nikauweka kando ya mizigo yake. Nikasema, "Za njiani."

Akaupokea kwa mikono miwili, macho chini. "Asante, Baba."

Mke wangu akaniambia nimempa mtoto wa watu mzigo wa kumvunja shingo. Kweli. Lakini ningekuwa na wa pili mkubwa kama ule, ningempa na huo.