Jumapili Tulipoufuata Mkindu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikaa mtaa wa Donholm jijini, mimi na mume wangu, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu. Yeye alifanya kazi kwenye kiwanda cha rangi kule Industrial Area, na jioni ungejua walichanganya rangi gani kwa kumtazama kucha. Mimi nilifundisha watoto kanisani. Kanisa letu halikuwa na jengo. Tulikodi darasa la chekechea, na wazee wetu walikaa kwenye viti vya watoto, magoti karibu yaguse kidevu.

Matawi ya Jumapili ya Matawi alikuwa akituletea muumini mmoja kutoka kwao magharibi. Mwaka huo alihamishwa kikazi, na hakuna aliyekumbuka hadi juma lenyewe lilipofika. Pasta akaniambia, "Mwalimu, watoto wako wanajua kila kona ya mtaa huu. Tafuteni."

Kweli walijua. Walinipeleka hadi kwenye nyumba moja ya pembeni, ambako mkindu mkubwa ulichungulia juu ya ukuta.

"Lakini titcha, huyo mathe wa hapo ni mkali," msichana mmoja akanionya. "Mpira ukiingia kwake umeenda."

Nilibisha. Akatoka mama wa makamo, mjane, ameshika fagio. Nilivyomsikia akisalimu nikajua ametoka upande wetu, nikamjibu kwa lugha ya nyumbani. Tukaulizana habari za mvua na mahindi, nikadhani mambo yameshakuwa sawa. Nikamweleza shida yetu.

"Yesu alipanda punda wa watu, sivyo?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na punda alirudishwa kwa mwenyewe. Sasa matawi yangu mkishayakata, mtayarudisha namna gani?"

Watoto wakacheka. Akanieleza kwamba marehemu mumewe ndiye aliyeupanda mkindu ule walipohamia, wakati mahali pote palikuwa udongo mweusi mtupu, na kwamba yeye aliumwagilia maji ya kufulia, ndoo baada ya ndoo. "Haukatwi," akasema, akafunga geti polepole, bila hasira.

Nilimrudia pasta nikiwa nimevunjika moyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi akatoa miwani kuipangusa. "Ana haki," akasema. "Kama matawi hayawezi kuja kanisani, kwani sisi hatuna miguu?"

Kesho yake nikaenda kumwuliza yule mama kama angetukubali tuje kusali chini ya mkindu wake. "Mko wangapi?" akauliza, kisha kabla sijajibu akasema, "Haidhuru. Mje."

Jumapili tukatoka darasani tukiimba, ngoma mbele. Watoto walipunga walichopata: majani ya migomba, maua ya ukutani, na mmoja alipunga sukuma wiki ya mamake, ambayo kufika njiani alikuwa ameshaanza kuitafuna. Watu waliokuwa wakifua nguo walisimama kututazama, na wengine wakafuta mikono wakaandamana nasi.

Tulikuta geti wazi. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, na leso zimetandikwa chini ya mkindu. Juu, ndege wa manjano waitwao kwera walikuwa wakichana majani na kufuma viota, huku wakipiga kelele kuishinda kwaya yetu. "Hao ndio pekee wenye ruhusa ya kukata," mama mwenye nyumba akasema.

Pasta alikuwa ameandaa mahubiri marefu. Alitazama juu, akakunja karatasi zake. Akatwambia tumshukuru Mungu kwa mti huu, basi, kila mtu kwa maneno yake. Nilifumba macho nikaona haya kidogo. Nimelelewa katikati ya miti, nimemshukuru Mungu kwa mahindi, kwa afya, kwa mume, lakini kwa mti, kwa kuwa tu umesimama pale na una ndege, sikuwahi. Nikaweka kiganja kwenye gome lake lililokwaruza, nikasema asante. Furaha iliyonijaa sikuitarajia. Karibu yangu mtoto mmoja alikuwa akishukuru kwa sauti kwa ajili ya kila ndege, mmoja mmoja, na hakuna aliyemharakisha.

Baada ya chai yule mama akatoa miche aliyokuwa ameotesha kwenye pakiti za maziwa: miparachichi, mipera, na mikindu miwili. Akampa kila mtoto mmoja. "Huu hata ukikauka, njoo uniambie," akawaagiza. "Sitakuchapa. Nitakupa mwingine."

Mvua za Aprili zilipoanza tukaipanda mingine kando ya lile darasa, mingine nyuma ya nyumba zetu. Mbuzi wa jirani walikula karibu nusu, na watoto wakaenda kwa foleni kuripoti misiba yao. Hakuna aliyerudi mikono mitupu. Yule mama mwenyewe akaanza kuja ibadani, akinijia asubuhi twende pamoja, na njia nzima akinionyesha mti huu na ule, akiutaja kila mmoja kwa jina tunalouitia nyumbani, ili nisisahau.