Mnyaa na Pindo la Leso

Nakumbuka asubuhi moja kwa Shangazi Mwanaidi, pale Barani, nilipokuwa kigori ninayejiona najua kila kitu. Ua wake ulikuwa wa mnyaa, mwanangu, mti usio na majani, vijiti vitupu vya kijani, lakini ukiukata hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Nilikuwa nikikata kijiti, kisha nasimama kungoja tone la kwanza, nikijiuliza mti mkavu namna ile unayatoa wapi maziwa yote hayo.

Shangazi alikuwa ameniambia nikimaliza kupogoa ninawe kabla ya kugusa chochote. Nikanawa, tena kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Leso niliyojifunga kiunoni, niliyokuwa nikipangusia panga, sikuikumbuka hata kidogo.

Dada yangu akanipa mwanawe, Zuhura, wa miezi saba, nimshike. Mate yalikuwa yanamtoka. Nikampangusa uso kwa pindo la leso.

Kilio kile ninacho masikioni hadi leo. Jicho la kulia lilijifumba, likavimba. Dada akataka kulikamulia maziwa ya titi, kama tulivyozoea, Shangazi akamzuia. Akamlaza mtoto mapajani, akawa anamimina maji safi ya mtungi, taratibu, bila kukoma. Huku akimimina akaniuliza, kwa sauti ya chini:

"Panga ulilipangusia wapi?"

"Kwenye leso, Shangazi."

"Na leso iko wapi?"

Nikajitazama kiunoni. "Nimeivaa."

"Basi hujanawa, mama. Umeosha vidole."

Tukakimbilia hospitali. Siku tatu nzima hatukujua kama jicho lile litaona tena. Siku ya nne Shangazi alimziba Zuhura jicho la kushoto kwa kiganja, akamning'inizia funguo zake mbele ya uso. Mtoto akanyoosha mkono, akazidaka. Nililia mimi, si yeye.

Mwanangu, sikukatazi kuustaajabia mmea. Ustaajabie, lakini kwanza uliza jina lake na utomvu wake unafanya nini. Kisha uufuate utomvu huo kwa akili: umetoka mtini, ukaenda kwenye panga, kisha wapi? Uwe na nguo ya kazi ya uani, uivue nje, uifue peke yake. Utomvu ukiingia jichoni, maji safi, mengi, halafu hospitali.

Mungu akulindie macho yako, na ya kila mtoto atakayepakatwa nawe.