Jina Lililolala Kulia

Mtaani walimwita Fundi Mlalo kwa sababu ya herufi zake. Alizipenda nene, zimelala kidogo kuelekea kulia, kila moja na vikucha vyake vidogo juu na chini, kana kwamba imeng'ang'ania ubao isije ikateleza. Aliziandika kwenye maduka, milango ya saluni na mabango ya mauzo. Neno la kumvuta mteja ndilo aliloliandika kwa herufi hizo. Mengine yote yalisimama wima kwa adabu.

"Wewe bwana," kinyozi jirani yake alimtania, "hata kibao cha choo unakiandika kama kinawahi harusini!"

"Kwani anayekwenda chooni hana haraka?" alijibu, akaendelea na brashi yake.

Kisha mdogo wake akafariki. Huyu aliondoka nyumbani akiwa kijana, baada ya kugombana na baba yao, hata chai hakumaliza. Alirudi mgonjwa, amekwisha, na hakukaa sana.

"Mwandikie vizuri mdogo wako," mama alimwambia fundi. "Safari hii nataka nijue ametulia mahali."

Mazishini watu walisimama mmoja mmoja kumsifu marehemu. Fundi aliangalia viatu vyake tu. Maneno hayakuwa fani yake. Akajiambia kwamba atasema kwa mkono. Rangi hakuitaka, maana mvua huila. Alichukua patasi akachonga jina la mdogo wake kwenye jiwe la kaburi kwa herufi zake zilezile, nene, za mlalo, vikucha vimekatwa safi. Akalisimamisha jiwe kwa saruji, ndipo akamleta mama.

Mama hakujua kusoma. Aliegemea mkongojo wake, akalitazama.

"Hili ndilo jina lake?"

"Ndilo, mama."

"Sasa mbona anakimbia?"

Fundi alitazama tena. Kweli, mstari mzima ulikuwa umeinama kama mtu anayekata mbio na mzigo mgongoni.

"Nitalivunja, mama. Nichonge jingine, lisimame wima."

"Thubutu! Mwanangu ameteseka vya kutosha, sasa umvunjevunje na nyundo?"

Herufi za wima fundi angezichonga hata akiwa amefumba macho. Hakuzichonga kwa sababu alitaka wapita njia wasimame, waulize kazi ile ni ya nani. Alikuwa akimlilia ndugu yake, na papo hapo akijitangaza.

Mama alizunguka jiwe polepole, akaketi chini upande wa kulia, pale jina lilipoishia, kule herufi zilikoinamia.

"Mimi nitakuwa nakaa huku," alisema. "Akija, anikute."

Fundi alitaka kuketi naye, asithubutu. Alibaki amesimama nyuma yake, mikono haina pa kwenda, akiona haya hata kulisoma jina lile.