Mpini wa Brashi Kati ya Meno

Asubuhi ile nilitoka kwa dada yangu Makongeni bila mpango wowote. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, na kutulia kulinishinda. Mtaa wa Jericho nikakuta mafundi wakipaka nyumba rangi, nikawauliza kwa nini wanapiga msasa ukuta uliokwisha kuwa laini. Nyapara akanitupia kipande cha msasa. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi.

Tulifanya kazi wawili wawili, mmoja juu ya ngazi, mwenzake chini. Kwanza praima, ya kushika ukuta, kisha rangi ya mafuta mara mbili. Mimi nilichagua chini kila siku, hata mwenzangu Wafula akaniita Bwana Sakafu. Sikumwambia nina kifafa. Dada alinikataza, akisema watanifukuza. Vidonge nilivimeza kwa kujificha, na siku nyingine nikaviruka nisije nikaonekana. Hilo lilikuwa kosa langu. Yaliyofuata hayakuwa yangu.

Nilianguka mwaka wa pili, nikichanganya rangi. Wafula alinisimulia baadaye: wenzangu walikimbia povu la mdomoni mwangu wakidhani linaambukiza. Nyapara akaninusisha kitambaa cha tapentaini, kisha akanisokomeza mpini wa brashi mdomoni. Nilipozinduka nilikuwa na meno mawili pungufu, naye alikuwa akiupangusa mpini wake.

"Nimekuokoa usimeze ulimi," akasema. "Sasa nenda nyumbani. Hapa hatuandiki maiti."

Hakuna anayemeza ulimi. Nesi wa kliniki alinieleza kwa dakika moja: ondoa vitu vigumu, weka nguo chini ya kichwa, mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, tazama saa, zikipita dakika tano, mkimbize hospitali. Dakika moja tu! Nyapara alinifundisha kuosha brashi kwa wiki nzima. Na dada, aliyenipenda, alinificha miaka yote bila kujifunza hata neno moja kati ya hayo.

Nimepaka kuta nyingi tangu hapo, kwa nyapara wengine. Nimestaafu, hasira haijastaafu.

Wiki ile ile niliyoanguka nilibeba godoro kutoka kwa dada hadi Kayole, mtaa ukiwa bado mpya. Mama Njeri alikuwa na chumba cha kupangisha. Nikamwambia mlangoni, kabla hajanionyesha ufunguo: nina kifafa.

"Sasa ukianguka, tufanye nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikaanza kumweleza, akanisimamisha, akamwita jirani wa mlango wa pili naye asikie. Nilipomaliza, aliingia chumbani akalivuta jiko la makaa mbali na mahali pa kitanda.