Mafuta ya Kondoo Kwenye Kopo

Machi mwaka jana nilimpoteza mume wangu, huku kwao Kajiado. Mbuzi wakabaki mikononi mwangu. Yeye alikuwa akipaka visigino mafuta ya kondoo kabla ya kwenda kuchunga, na mimi, niliyezaliwa magharibi, nilimcheka: "Unataka kujikaanga?"

"Cheka tu. Siku moja lengelenge litakujibu."

Mafuta ya mwisho aliyoyeyusha yalibaki kwenye kitako cha kopo. Sikuyagusa. Niliogopa yakiisha sitakuwa na kitu kingine alichotengeneza kwa mikono yake. Nikachunga na gambuti mpya kutoka Kitengela, miguu mikavu, na kisigino cha kulia kikatoka lengelenge.

Mama yake aliniosha kwa maji ya chumvi. Nilipotaka kulitoboa, akanipiga mkono. "Wacha ngozi ikae, ndiyo bandeji." Akalifunga na kitambaa safi, kisha akauliza kopo liko wapi.

"Yeyo," nikamwita mama kwa Kimaasai, "hayo ni yake."

"Aliyapika ya miguu, si ya kutazamwa."

Asubuhi nilipaka kisigino cha kushoto, kilichokuwa bado kizima. Kile kingine kilipopona, nikapaka vyote viwili. Mafuta yaliisha Juni. Nikaosha kopo, nikafungulia mbuzi.